Nimeona Wimbi, Sijaona Hewa

Kisii, Ijumaa jioni

Mwanangu Kemunto,

Chai kavu haitaonekana ndani ya sumaku. Hivyo ndivyo alivyoandika profesa wako kwenye faksi iliyofika leo alasiri dukani kwa Kanti, karibu na stendi. Anasema usijisumbue kubeba zile pakiti ulizozifunga. Mtaanza na mbegu za haradali, kwa sababu zina mafuta ndani, na ile mashine yao ya sumaku ya kupigia picha husikia mafuta na maji tu. Chai labda baadaye, na iwe bado na unyevu wake. Zamu yako ya kwanza kwenye mashine ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Habari ya pili ni ya hapa. Katibu wa kamati ya kiwanda amenithibitishia kwamba Jumanne wataamua kama lori la chai litarudi kusimama kituoni kwetu, pale wakulima wanapopimia majani yao, au kituo kitafutwa kabisa. Wewe utakuwa umekwisha kuondoka. Ndiyo maana ninaandika sasa, ukiwa bado kwa shangazi yako Keroka unaaga, ili uisome barua hii ukiwa ndani ya ndege, mahali ambapo huwezi kunijibu hapo hapo. Unajua jinsi tunavyobishana.

Kanti alinisomea faksi yote kabla ya kunipa, kama kawaida yake.

"Mwandishi, hii binti yako naenda mbali yote hiyo kupiga picha ya upepo?"

"Hewa. Hewa inavyopita katikati ya mbegu."

"Sisi hapa hewa ikiingia tunafunga dirisha, basi." Kisha akaikunja karatasi vizuri, akaongeza, "Mwambie asisahau sweta."

Mambo ya sweta nimemwachia mama yako, pamoja na chakula, kanisa na watu wa kuepuka. Amekuwa akikuambia hayo tangu Jumatatu, na mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na wewe unalijua. Hatujawahi kulizungumza likaisha.

Ulikuwa umemaliza shule ukisubiri chuo, na kiwanda kilikuchukua ujifunze kazi kwenye chumba cha draya. Ulirudi nyumbani kila siku nywele zikinuka chai, ukatueleza draya mpya inavyofanya kazi mpaka tukachoka. Majani yaliyosagwa hayakaushwi tena kwenye trei, ulisema. Yanalala juu ya bamba lenye matundu madogo, na hewa moto inasukumwa kutoka chini kwa nguvu mpaka majani yanaanza kuelea. Yanachemka kama uji wa wimbi, mapovu yakipanda na kupasuka, ingawa hakuna hata tone la maji linalochemka. Mama yako alikuuliza kama uji huo unaungua pia chini ya sufuria. Ulicheka. Baada ya wiki chache hukucheka tena, maana chai ilikuwa imeanza kutoka vibaya. Nyingine imeungua, nyingine bado ina unyevu, na zote zimetoka kwenye draya moja, saa ile ile.

Wanunuzi walilalamika. Nikaenda kiwandani kutafuta habari ya gazeti, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Meneja alinipokea kwa heshima, akanipa chai, nzuri kabisa, nayo huenda ilitoka kwenye akiba ya zamani. Alisema tatizo liko kwa wakulima, hasa wa kituo chetu. Wanachanganya majani mawili na chipukizi na majani yaliyokomaa, wanaleta majani yaliyolowa, na draya haiwezi kukausha takataka. Niliandika maneno yake kama alivyoyasema. Nilimwomba ayarudie, akayarudia vilevile. Nikaondoka nimeridhika. Mtu anayerudia maneno yake bila kuyabadilisha humpa mwandishi usingizi mzuri.

Jioni hiyo ulinisubiri mlangoni.

"Baba, si majani. Ni hewa. Inapita upande mmoja tu. Upande ule mwingine chai imelala, haielei."

"Umeiona?"

"Huwezi kuiona. Draya ni sanduku la chuma, na hata ukifungua unaona juu tu. Lakini juu kwenyewe kunaonyesha. Upande mmoja unaruka, upande mwingine umetulia kama shamba."

"Fundi mkuu amesema hivyo?"

"Fundi mkuu anasema nishike ufagio."

Nilikuambia nitafikiria. Kesho yake ulikuwa umejenga kitu jikoni. Ulikata mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, ukaugeuza mdomo chini, ukafunga kitambaa chepesi ndani, ukamwaga wimbi wa mama yako juu ya kitambaa. Mdomoni ulichomeka mrija, na mrija ukauunga na mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, uliojazwa kwa pampu mpaka ukawa kama nyoka aliyemeza mbuzi.

"Wimbi wangu wa uji huo," mama yako alisema. "Nyinyi Wakisii mkikosa ng'ombe wa kuchunga mnachunga nafaka."

Ulifungulia hewa polepole. Mwanzoni hakikutokea kitu. Kisha wimbi ukajiinua kidogo, wote kwa pamoja, kama mtu anayevuta pumzi, na ghafla ukaanza kuchemka. Nilivutiwa. Sikukuambia. Kisha ukamwaga wimbi kwenye ungo, ukapaka nta ya mshumaa nusu ya kitambaa, ukarudisha wimbi, ukajaza mpira tena. Safari hii upande mmoja uliruka mpaka punje zikafika kwenye viatu vyangu, na upande wenye nta haukutikisika.

"Matundu ya bamba yameziba upande mmoja," ulisema. "Utomvu wa chai unashika pale, unakauka. Ndiyo maana huku inaungua na huku inabaki mbichi. Si majani ya baba mdogo."

Wote watatu mliniangalia: wewe, mama yako, na kaka yako aliyekuja kuomba chakula. Nami nikasema maneno ambayo nimeyasikia kichwani mwangu mara nyingi tangu siku hiyo.

"Nimeona wimbi. Sijaona hewa."

Mama yako ndiye aliyejibu, akiokota punje sakafuni. "Kwetu ziwani hakuna aliyewahi kuuona upepo. Lakini ukianika dagaa wetu wa omena asubuhi, jioni unajua kabisa ulipopita." Nilicheka, nikaenda kuandika.

Habari ilitoka na jina langu juu yake. Meneja alisema, kiwanda kilisema, wanunuzi walisema. Hakuna neno lake hata moja lililokuwa la uongo, kwa maana kwamba kila neno lilisemwa na mtu niliyemtaja. Kamati ya kiwanda iliikata, ikaibandika ukutani, na lori likaacha kusimama kituoni kwetu. Tangu hapo watu wetu wanabeba chai mgongoni mpaka kituo cha ng'ambo ya mto, na wakifika majani yamepata joto ndani ya magunia, yamekuwa mekundu, karani anayakataa. Kisha watu wanasema, mnaona, majani yao ni mabaya kweli.

Baba yako mdogo Onchari alikuwa mwenyekiti wa kituo. Alikuja hapa na gazeti limekunjwa ndani ya koti. Hakukaa.

"Jina lako liko hapa juu," alisema. "Uliyaona majani yetu?"

"Nimeandika alivyosema meneja."

"Sikukuuliza alisema nini. Nimekuuliza kama uliyaona."

"Hapana."

"Yeye aliyaona?"

Sikujua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, Kemunto: sikuwa nimemwuliza. Baadaye dereva wa lori aliniambia kwamba meneja hakukanyaga kituoni kwetu mwaka ule wote. Ofisi yake inatazama uwanja, na sidhani kama alikuwa akiingia kwenye chumba cha draya pia, kwa sababu ya vumbi. Wewe uliyesimama mbele ya draya kutwa nzima nilikudai macho. Yeye aliyekaa ofisini nilimkubalia kwa sababu ya kiti alichokalia.

Nataka ujue kanuni yangu ile ya kudai macho ilitoka wapi, si kwa kujitetea. Nilipoanza kazi niliandika kwamba mtu mmoja amesombwa na mto Gucha akafa. Niliambiwa na watu wa kuaminika, wawili, tena mmoja mzee wa kanisa. Siku gazeti lilipofika, mtu yule alikuja ofisini kwangu na mke wake.

"Mimi ndiye marehemu," alisema.

Mke wake ndiye aliyekuwa na hasira zaidi. Jamaa walikuwa wameanza kufika kwa matanga, na alitaka nimwambie atawapikia nini. Niliaibika kiasi kwamba nikaapa sitaandika tena jambo ambalo hakuna aliyeliona kwa macho. Ilikuwa kanuni nzuri. Ilinilinda miaka mingi, na hata watu wasionipenda walisema siongopi. Lakini miaka ilivyopita ililegea upande mmoja tu, bila mimi kutambua. Kwa watu wenye ofisi, kusema kukawa sawa na kuona. Wengine wote walibaki chini ya kanuni yote, nzima nzima. Ungeweza kuipaka nta nusu ya kitambaa changu nisione tofauti, maana wimbi uliokuwa ukiruka ulikuwa mwingi na ulinitosha.

Onchari hakung'oa chai yake. Aliiacha tu. Unajua chai isiyochumwa wala kukatwa inakuwaje, umepita pale. Haifi. Inakuwa miti. Sasa mashina yake yamepita kichwa cha mtu na yametoa maua, na watoto wake wanachezea chini ya kivuli. Kila nikienda nyumbani ninapita kando ya kile kichaka na ninasalimiwa vizuri na kila mtu. Hakuna aliyenitukana hata siku moja. Ningependa mmoja angenitukana.

Wewe ulikwenda chuo Nairobi na hukulitaja tena suala la draya. Nilidhani umesahau. Hata ulipopata nafasi hii ya masomo, nilijua tu kwamba unakwenda kusomea mashine. Ni mwezi uliopita, tukila, ndipo kaka yako alipokuuliza hasa utafanya nini huko.

"Kuna ile sumaku kubwa ya hospitali," ulisema, "wanayomwingiza mgonjwa wapate picha ya ubongo bila kumpasua. Wameanza kuingiza mitungi ya mbegu badala ya watu. Unapitisha hewa kutoka chini, na sumaku inakuonyesha ndani mbegu zinavyokwenda."

"Kwa hiyo mtaiona hewa," nilisema.

Uliweka kijiko chini. Hukuniangalia mimi, uliangalia sahani. "Hatutaiona, Baba. Hewa haitoi sauti ya kutosha sumaku kuisikia. Tunaona mbegu. Hewa ni pale palipo peusi, mahali ambapo mbegu hazipo. Ukitazama weusi unavyosogea, unajua inapita wapi na ni wapi haipiti."

"Na watu wanakubali hivyo?"

"Wanakubali ukipima vizuri."

Mama yako alipakua ugali mwingine ambao hakuna aliyeuomba. Nilijua basi kwamba hukusahau hata neno moja, na kwamba unakwenda ng'ambo kutafuta mashine ya kujibu swali nililokutupia jikoni nikiwa na haraka ya kwenda kuandika. Si jambo la fahari kwa baba. Watu wananipongeza hapa mjini, wananiambia nimelea mtoto mwenye bidii, na ninashindwa kuwaeleza bidii hiyo ilianzia wapi.

Siku iliyofuata niliitoa ile habari yangu nikaisoma kama msomaji wa kawaida. Niliitafuta sehemu nyeusi. Ilikuwa kubwa. Hakuna mkulima anayesema neno. Hakuna mtu wa chumba cha draya. Hakuna aliyeyashika majani. Kila kilichoonekana kiliruka upande mmoja.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda hutalipenda. Mpaka leo sijui kama ulikuwa sahihi. Nilikwenda kiwandani mwezi huu kuuliza kuhusu bamba. Fundi mkuu wa zamani amehama. Aliyepo anasema bamba lilibadilishwa kabla hajafika, na lile la zamani hajui liko wapi. Huenda matundu yaliziba kama ulivyosema. Huenda baadhi ya watu wetu walichanganya majani kweli. Mimi na wewe tunawajua wawili ambao wangeweza. Huenda yote mawili. Sina haki ya kuandika leo kwamba binti yangu alijua na meneja alikosea, kwa sababu hilo nalo sijaliona, na nikiliandika nitakuwa nimeziba upande ule mwingine. Lakini haki ya kuandika kwamba kulikuwa na maelezo mengine, yaliyotolewa na mtu aliyekuwa pale, nilikuwa nayo tangu jioni ile. Hiyo sikuitumia. Nilihofia watu watasema namsikiliza mtoto wangu. Na ni kweli, ningekuwa namsikiliza mtoto wangu.

Ukifika huko na ile sumaku ikakuonyesha kwamba hewa haifanyi ulivyodhani, niandikie hivyo hivyo, bila kunihurumia wala kujihurumia. Usiilazimishe iseme Onchari hakuwa na kosa. Sikupeleki huko ukaisafishe habari yangu. Nimewahi kumwona mtu akitafuta jibu moja miaka mingi kwa sababu ya hasira ya nyumbani, na alipolipata hakuweza tena kuuliza kitu kingine chochote. Swali lako ni zuri hata bila mimi. Ulikuwa nalo kabla sijafungua mdomo, siku ile nywele zako zilipokuwa zikinuka chai na ulikuwa ukicheka.

Asubuhi ya leo nilikwenda kwa baba yako mdogo. Nilimkuta akinoa panga chini ya ile miti yake ya chai. Nilimwambia nataka kusimama mbele ya kamati Jumanne.

"Kama mwandishi?"

"Hapana. Habari ataiandika mwenzangu wa Nyamira. Mimi nitasema nilichoambiwa nikaacha kukiandika."

Alijaribu makali kwa kidole. "Utakuja na kalamu?"

"Bila kalamu."

"Walishaamua, wale. Unajua."

"Huenda."

"Basi njoo mapema," alisema. "Tutahitaji mtu wa kubeba mabenchi." Kisha akaanza kukata shina la kwanza, chini kabisa, pale linapokatwa ili lichipuke upya. Sikumwuliza kama amesamehe. Hata mtu asiye mwandishi anajua kuna maswali ambayo ukiyauliza unaharibu jibu. Niliokota matawi nikayapanga kando mpaka jua likawa kali, nikarudi mjini kufuata faksi yako.

Ule mtungi wako upo. Ulimwambia mama yako autupe, hakuutupa. Amekuwa akiweka vitunguu ndani yake, anasema vinapata hewa. Leo nimevimwaga, nimepangusa, nimebadilisha kitambaa. Mpira wa tairi umeoza, lakini Kanti amenipa mwingine, na alipouliza wa nini nikamwambia ni wa kupiga picha ya upepo. Alisema familia nzima imeugua. Mshumaa ninao. Mama yako amenipimia wimbi, na ameniagiza niurudishe, hata ukiwa na nta.

Nimejaribu mara tatu jikoni peke yangu. Mara mbili ulimwagika. Mara ya tatu ulijiinua wote kwa pamoja, kama ulivyofanya mikononi mwako, kisha nikapaka nta nusu ya kitambaa, nikafungulia hewa tena na kuweka kiganja juu, kwanza upande unaoruka, kisha upande uliolala. Hewa ilinigonga kiganja upande mmoja na kuninyima upande wa pili. Ningeweza kufanya hivyo siku ile. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwako, na mikono mifukoni.

Kamati inaweza kucheka. Wanaweza kusema wameona wimbi na hawajaona hewa, na sitakuwa na la kuwajibu isipokuwa kuwaomba waweke viganja. Matokeo, yoyote yatakayokuwa, nitakutumia kwa faksi ya Kanti yakufikie kabla ya Alhamisi yako.

Pakiti za chai ziache kwenye begi ukitaka, utazinywa. Ila ile pampu ya baiskeli uliyoifunga pamoja nazo nimeitoa. Nitaihitaji Jumanne, saa nne asubuhi, kituoni.

Baba yako